Nimeachiwa malkia na bado nimepigwa

Abuu ndugu yangu,

Salam nyingi, vipi huko Doha, joto lishapungua ama bado mwatembea usiku kama popo? Huku sote wazima alhamdulillahi, mamako nimemuona juzi Marikiti yuwabishana bei na muuza ndimu, na muuza ndimu ndo alokuwa akiomba msamaha, kwa hivyo kuhusu afya yake usiwe na wasiwasi.

Nakuandikia barua kirefu manake kwa voisi najua utaanza kucheka kabla sijamaliza. Ile beti yetu nimeshindwa. Wakumbuka tulikuwa Lighthouse twala mihogo ya pilipili ukasema mtu akiachiwa malkia na kompyuta, yani kompyuta icheze bila malkia wake, halafu akapigwa, huyo aache chess akauze mabuyu. Haya, niagizie gunia la mabuyu. Nimecheza na ile Leela, programu ya chess ilioko kwenye tovuti ya Lichess, ile isiyokuwa na malkia tangu mwanzo, mechi 19, nimeshinda 2. Mbili, Abuu. Na moja katika hizo mbili nilitoka jasho.

Ile ilioniuma zaidi ilikuwa ndani ya feri. Narudi Likoni, nimebanwa kati ya tuktuk na mama mwenye beseni, bando inakata kata, mie nacheza na nyeusi, dakika 5. Mpaka hatua ya kumi hivi najiona sultani, mfalme nshamficha, farasi wote nje, malkia ninae yeye hana, nikasema leo wallahi. Basi ile kitu ikaanza kusukuma askari wa pembeni pole pole mpaka akanikalia mlangoni kwa mfalme. Nikaogopa nikarudisha farasi. Ikatoa askofu akanitazama kwa mbali, nikasogeza malkia. Ikatishia tena nikasogeza tena. Yani mwenye malkia ndo anaekimbia! Hapo kati nlipata nafasi ya kubadilishana askofu wangu na farasi wake nikakataa, ati nataka nimuue kwa madoido. Hatua tatu baadae farasi huyo huyo akaruka e7, mfalme wangu g8, malkia wangu c6, wote wawili kawashika kwa mkono mmoja. Kuna jamaa alokuwa akichungulia begani kwangu akanambia, "Kaka, si huyo hakuwa na malkia?" Nikajifanya simu imezima.

Sasa nimekaa nimefikiria sana hii kitu. Sisi tulidhani mambo yaliisha 1997 pale kompyuta ya Deep Blue ilipompiga bingwa wa dunia Kasparov, tatu unusu kwa mbili unusu, kwamba tangu hapo hakuna stori tena. Kumbe stori ilibadilika tu, swali likawa ni aachiwe nini binadamu ndo mechi iwe sawa. Na zamani hii ilikuwa adabu ya kawaida, mabingwa kina Morphy miaka ya 1850 walikuwa wakiwaachia watu farasi ama ngome nzima wakae wacheze. Mashine nazo zikaanza kwa uchoyo, 2007 programu ya Rybka ilikuwa ikimwachia Ehlvest askari mmoja mmoja, na yule ni grandimasta kamili, ikamshinda tano unusu kwa mbili unusu. Halafu Januari 2016 programu ya Komodo na grandimasta Nakamura, mechi nne kila moja na zawadi yake, kuna ya askari, kuna ya Komodo kukosa ngome na Nakamura kukosa farasi, tatu zikaisha sare, na ile ya nne Nakamura alopewa hatua nne za bure mwanzoni ndo hiyo hiyo akapigwa. Nakamura huyo! Mie nkiipitia ile ya nne naona kama alipewa pesa nyingi akachanganyikiwa azitumie wapi.

Lakini malkia si askari, na hapa ndo pana utamu wenyewe. Ukiitoa malkia Stockfish ya kawaida, programu nyengine ya chess, ukacheza nayo, haiko vibaya kihivyo kwetu sisi, manake yenyewe yadhani na wewe una akili kama zake. Yaona ishashindwa, kila njia yaona utaipata dawa, basi yaweza kukubali kubadilishana ngome kwa ngome mpaka mnabaki wewe na malkia wako na yeye na masikitiko yake. Hii Leela wameipikia ubongo wake mbali, imefunzwa kwa mechi zinazoanza ikiwa imepungukiwa, na ishaambiwa mapema kwamba alie mbele yake ni dhaifu, atakosea, msubiri. Basi haikubali kubadilishana. Inajaza jaza ubao, inafunga njia, inakuachia hatua tano zote nzuri na moja tu ndo nzuri kweli, na saa yako inakwenda.

Unajua yanikumbusha nani? Yule mzee wa barazani Kibokoni wa drafti. Akicheza na mtu saizi yake anacheza kavu kavu, kete kwa kete, kimya. Lakini akikuachia kete mbili ni mtu mwengine kabisa, anakwepa kulishana, anajikunja nyuma, kahawa inapoa, anakuuliza habari za babako, na wewe kwa vile una kete mbili zaidi unaona aibu kungoja, unaenda mbele mbele. Mara vifuniko vyako vyote vya soda viko mkononi mwake na hujui ilianzia wapi. Babu yangu alikuwa akiita chess sataranji na akisema ile haina maneno kama drafti, sikubali tena hio, maneno yamo ila yako ndani ya kete.

Zile mbili nlizoshinda nlicheza kama muhasibu. Nibadilishe, nibadilishe, nibadilishe, hata ikanibidi nitoe ngome nichukue askofu ili tu ubao upungue watu. Mechi haina raha hata kidogo. Nafikiri ndo maana twapigwa, si kwamba hatujui, twajua, lakini nani yuataka kushinda hivyo akiwa na malkia mkononi na jamaa wamchungulia?

Jana nkamueleza mzee habari zote za mashine, akanisikiza mpaka mwisho. Akauliza, "Yaongea?" Nikamwambia la, haiongei. Akamwaga makapi ya kahawa akasema, "Bado basi, haijakamilika," akanipangia drafti, kete mbili zangu zaidi. Sikwambii matokeo.

Sasa zamu yako. Ijumaa baada ya swala, saa zetu, ingia ucheze mechi kumi na ile ya malkia mie nikiangalia, na usicheze ile ya dakika nyingi nyingi, dakika 5 kama wanaume. Ukishinda hata 3 mabuyu ntaleta mie mwenyewe ukija Desemba.

Wasalimie wote hapo nyumba mnayokaa.

Nduguyo,
Chande wa Feri