Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Boila Zetu Mpya

Ndugu wanachama, habari zenu. Mambo ya michango, usafi na taa za ngazi mtayasikia kwa mhazini, mimi mwaka huu naongelea boila tu, ule mtambo wa gesi unaochemsha maji ya kupasha joto flati zetu, manake ndo imekula karibu vikao vyetu vyote na inagusa kila mlango kwenye jengo hili.

Ile ya zamani ilivyotutesa mnajua. Usiku ule ilipozima watoto wakalala na makoti, nikasema hii hatuitengenezi tena. Fundi wa kwanza kuja alisoma kile kibati cha namba ubavuni, akaandika ukubwa uleule, dakika kumi tu katuachia kotesheni na kaondoka. Sikuridhika. Nikashuka chini jioni moja na saa mkononi, nikakaa naiangalia: moto unawaka dakika tatu, unazima, unatulia kidogo, unawaka tena, hivohivo mpaka nikapanda kulala. Boila ikifanya hivo ujue ni kubwa kupita mahitaji, inachemsha haraka kuliko nyumba inavyoweza kulipokea lile joto, na kila ikizima na kuwaka inapoteza gesi na kujichosha. Ukinunua mpya ya ukubwa uleule umenunua ugonjwa uleule.

Fundi tuliyemchukua alianza na nyumba yenyewe, kapima kuta, madirisha, dari, kahesabu rejeta (vile vyuma vya kupasha joto vinavyopita maji ya moto) za kila flati (asanteni sana mliofungua milango), alafu ndo akapiga hesabu ya joto linalotutoroka siku ya baridi kali. Ikatoka kama nusu ya ile namba ya kwenye kibati! Kwahiyo tumefunga mbili ndogo zinazosaidiana, zinapunguza moto zenyewe, na moja ikigoma nyingine inatubeba.

Wengi mmeniuliza zinaokoaje gesi. Gesi ikiungua inatoa maji, kilo 1 ya methani, ambayo ndo sehemu kubwa ya gesi yenyewe, inatoa kilo 2 na robo, ila yanatoka kama mvuke, na kwenye boila ya zamani mvuke wote ulikuwa unapaa dohani na joto lake. Hizi mpya zinaupoza mvuke mpaka unageuka maji na lile joto linabaki kwetu. Lakini jamani, hilo linatokea tu kama maji yanayorudi kwenye boila kutoka kwenye rejeta yana joto chini ya nyuzi 55 hivi. Yakirudi na 70, ile asilimia 95 ya ufanisi iliyoandikwa kwenye karatasi hatuipati, tumelipia bure. Ndo maana kuna kisensa cha kupima baridi kimefungwa nje ukutani, siku isiyo na baridi kali kinaamuru maji yaende ya vuguvugu, na rejeta zetu za chuma kwa vile ni kubwa zinatosha kabisa kwa maji hayo. So ukishika rejeta ukaona haiunguzi mkono na chumba kina joto, usinipigie, ndo inavyotakiwa.

Penye hatari palikuwa dohani, na hapa namshukuru fundi kwa dhati. Moshi wa boila hizi ni wa baridi na una unyevu wenye tindikali, ungetafuna matofali, kwahiyo zina bomba zake. Sasa ile hita ya maji ya kuogea ingebaki peke yake kwenye dohani pana, moshi wake mdogo unapoa njiani, unashindwa kupanda, unarudi ndani, na kaboni monoksidi iliyomo ni sumu isiyo na harufu wala rangi. Tumeshusha bomba jembamba ndani ya dohani kwa ajili yake na kila flati imepewa kengele ya kuigundua hiyo sumu. Naomba msizitoe betri.

Kabla ya kufunga tuliosha bomba zote, maji yalitoka meusi kama wino, matope ya kutu ya miaka yote hiyo. Sasa kuna chujio lenye sumaku linayadaka, na yale maji ya tindikali yanayotoka kwenye mvuke uliopozwa yanapita kwenye boksi la mawe ya chokaa kabla ya kwenda mtaroni. Mawe yanaisha, lazima yabadilishwe.

Kilichobaki ni kura yenu kuhusu mkataba wa sevisi ya kila mwaka, kamati inaomba tuupitishe leo. Na kama kuna chumba chako hakipati joto, niandikie ni chumba gani na saa ngapi, fundi anarudi kubalansi rejeta za ghorofa ya juu.