Tusitibu baridi ya nyumba kwa jiko la mkaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie baridi ya ndani ya nyumba zetu za zamani hapa Njombe, hasa zile za matofali ya kuchoma zilizoezekwa kwa bati na kuachwa bila dari. Kuanzia Juni hadi Agosti, wengi wetu huingiza jiko la mkaa chumbani jioni, hufunga mlango na madirisha, kisha hulala. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika nafasi ya oksijeni katika damu, hata aliyelala akapoteza fahamu kabla hajajua kuna hatari. Misiba ya namna hiyo si habari ngeni kwa wasomaji wako. Jiko hilo tunaliingiza kwa sababu nyumba zenyewe hazishiki joto, na jambo hilo linarekebishika.

Nyumba ninayoishi aliijenga marehemu baba mwaka 1978. Kwa miaka mingi, alfajiri za Julai tuliamka na blanketi lenye matone, kwa kuwa mvuke wa pumzi zetu ulipanda hadi kwenye bati lililopoa usiku kucha, ukageuka maji na kutudondokea. Hewa yenye joto hupaa, na bati ni jembamba, tena chuma hupitisha joto upesi. Ndiyo maana naamini kwamba anayeanza na kuta kabla ya dari anapoteza fedha zake.

Tulipiga dari ya mbao za paini, na juu yake tukatandaza maranda makavu kutoka karakana ya useremala, unene wa inchi 6 hivi, yakiwa yamechanganywa na chokaa kidogo ili kupunguza wadudu. Kinachozuia joto lisitoke ni hewa iliyotulia katikati ya maranda, hivyo yakishindiliwa au yakilowa, kazi yake imekwisha. Hapo ndipo fundi wetu wa kwanza alipokosea. Aliyajaza hadi yakagusa bati, akaziba na mianya yote ya chini ya paa, na kabla masika hayajaisha dari ilikuwa imeota kuvu nyeusi kwenye pembe zote. Tuliyatoa kwa magunia, tukaanza upya, na safari hii tuliacha hewa iingie upande mmoja wa paa na kutokea mwingine, ikipita juu ya maranda bila kupenya chumbani. Nyaya za umeme zipitishwe kwenye mabomba, na maranda yakae mbali na dohani, kwani ni kuni kavu. Mwenye uwezo anunue sufu ya kioo, yaani nyuzi laini za kioo zinazofanana na pamba, ambayo haishiki moto.

Kuhusu kuta, tofali lililolowa hupitisha joto zaidi kuliko lililo kavu, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutengeneza mifereji ya paa na kuyaelekeza maji mbali na msingi. Usiku mmoja wa upepo nilipitisha kiganja juu ya lenta na kuzunguka fremu za madirisha, nikasikia baridi ikiingia mahali ambapo udongo wa kujengea ulikuwa umekwisha kumomonyoka. Nyufa hizo tulizijaza, kisha ukuta mmoja tu, ule unaopigwa na upepo, tukauwekea kwa ndani fremu za mbao zilizojazwa sufu hiyo ya kioo na kufunikwa ubao. Kwa nje tulipiga lipu ya chokaa, kwa sababu saruji ngumu juu ya tofali laini hufungia unyevu ndani.

Nasisitiza kwamba nyumba ikishazibwa hivyo, jiko la mkaa chumbani huwa hatari zaidi kuliko awali, hivyo asiye tayari kulitoa asizibe chochote. Vyuo vya ufundi stadi katika mikoa yetu ya baridi viwafundishe mafundi kazi hii ya dari, hasa suala la hewa chini ya bati, na halmashauri zetu ziwaeleze hayo wananchi kabla ya Juni, wakati maranda bado yanaweza kuanikwa juani yakakauka.

Msomaji wako,
Njombe