Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maji, Tope na Hesabu ya Kaboni

Ndugu wanachama,

Mahesabu ya fedha atayasoma mhazini, na idadi ya miche iliyotoka kitaluni anayo katibu. Mimi nitajikita kwenye modeli ya ukuaji wa mikoko, yaani hesabu ya kukadiria miti yetu ya pwani itakavyokua, maana ndiyo iliyozua mabishano mengi kamatini.

Modeli nyingi za mashamba ya miti huanza na umri. Kwa mikoko, umri peke yake hautoshi. Mche uliopandwa chini mno ufukweni hufunikwa na maji saa nyingi na mizizi ikakosa hewa. Ulio juu, unaofikiwa na bamvua (maji makuu) tu, hukutana na chumvi inayobaki jua linapokausha tope. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, na tope la juu huweza kuzidi hapo sana. Mchu (Avicennia marina), aina mojawapo ya mikoko, huvumilia, ingawa hubaki mfupi. Mkoko wenyewe (Rhizophora mucronata) hudumaa. Kwa hiyo modeli yetu sasa inaanza na kimo cha ardhi na muda wa kufunikwa na maji, kisha chumvi, maji baridi ya mto, joto na msongamano wa miti.

Wapimaji, nawasihi: kipenyo cha mkoko wenyewe hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa unaotoka shinani, si kwenye mita 1.3 kama miti mingine.

Kuhusu kaboni inayohifadhiwa na mikoko, sehemu kubwa imo topeni, ambako uhaba wa oksijeni huchelewesha kuoza. Lakini nyingi ya hiyo ilikuwepo kabla hatujapanda chochote. Kuihesabu kama jasho letu ni udanganyifu, na sitaweka sahihi kwenye ripoti ya namna hiyo. Tusichanganye pia tani za kaboni na tani za dioksidi ya kaboni. Ya kwanza huzidishwa kwa 3.67 kupata ya pili.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Science ulionyesha kuwa bahari ikipanda zaidi ya milimita 6 kwa mwaka, ni vigumu sana mikoko kuinua tope lake kwa kasi hiyo. Makadirio yetu ya miaka mingi lazima yabebe jambo hilo.

Ili tujue muda wa kufunikwa na maji, kamati inapendekeza vipima-kina vya maji vinunuliwe kabla ya kuongeza kitalu. Najua wengine mnapenda kuona miche zaidi. Pendekezo litapigiwa kura mkutanoni.

Mwenyekiti