Barua ya wazi kwa binamu yangu asiyeamini mikataba

Binamu,

Ulinikatia simu nilipotaja tu Umoja wa Mataifa. "Watasaini, watapiga picha, watakwenda kula," ulisema. Sikuwa na jibu la haraka, nawe humpendi mtu wa kujiumauma, basi nimeandika. Programu yako ya kusoma skrini itakusomea, na safari hii hutaweza kunikatiza.

Nianze na ninayokubali. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa Desemba 13, 2006, ukaanza kutumika Mei 3, 2008, na nchi zaidi ya 180 zimeuridhia. Marekani ilisaini mwaka 2009, lakini Seneti yake ilipopiga kura Desemba 2012, theluthi mbili za kura zinazohitajika ili kuuridhia hazikutimia. Na ziko nchi zilizoridhia zamani ambako mtu wa kiti cha magurudumu bado anabebwa kama gunia kupanda ngazi za mahakama. Hapo hatuna ubishi.

Lakini ulisahau kuuliza nani aliuandika. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuuandaa ilipoanza vikao New York mwaka 2002, watu wenye ulemavu hawakusubiri nje ya mlango. Waliingia ndani na kubishana na mabalozi neno kwa neno, wakishika wito wao: lolote kutuhusu lisifanyike bila sisi. Ndiyo maana Ibara ya 4 inazitaka serikali zishauriane na vyama vyao, na Ibara ya 32 inavitaja vyama hivyohivyo inapozungumzia ushirikiano wa kimataifa. Mfadhili anayekuita siku ya uzinduzi, bajeti ikiwa imeshafungwa, hajashirikiana nawe. Amekuita kwenye ile picha yako.

Sasa niguse panapokuuma: vitabu. Zamani maktaba ya nchi moja ingeweza kuhangaika miezi kukiweka kitabu katika nukta nundu, na maktaba ya nchi nyingine ikaanza upya kitabu kilekile, kwa sababu hakimiliki haikuruhusu nakala ivuke mpaka. Kazi moja, gharama mara mbili, na msomaji bado anangoja. Wasioona waliiita njaa ya vitabu. Walisukuma miaka, Stevie Wonder naye akapaza sauti, hadi Juni 27, 2013 mkataba mwingine ukapatikana Marrakesh, Morocco. Ulianza kutumika Septemba 30, 2016. Kwa nchi zilizojiunga, taasisi iliyoidhinishwa inaweza kutengeneza nakala inayosomeka kwa wasioona na kuituma nchi nyingine bila kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki. Hiyo nayo ni karatasi, binamu, ila karatasi hii inasafirisha vitabu.

Berlin, Aprili 2025, katika mkutano ulioandaliwa na Ujerumani, Jordan na muungano wa vyama vya watu wenye ulemavu, iliahidiwa kwamba angalau asilimia 15 ya programu za maendeleo zinazotekelezwa nchini zilenge ujumuishi wao. Shirika la Afya Duniani linasema watu hao ni takriban asilimia 16 ya binadamu wote. Ni ahadi, haina meno ya sheria, na mimi pia naitazama kwa jicho la pembeni.

Kile kitabu cha sheria ulichokwama nacho, nitumie jina lake na mwaka wa toleo. Kisha iulize maktaba yako kama imeidhinishwa kukiagiza ng'ambo. Wakikujibu haiwezekani, waulize ni kifungu gani kinachowazuia, halafu unipigie.