Nilifua nepi nane huku nasema mtoto hapati maziwa

Mhariri,

Naomba nafasi nikiri kosa mbele ya wasomaji wako. Najua si mimi peke yangu niliyelifanya, na kuna nyumba linafanyika leo hii.

Mimi ni bibi. Nimenyonyesha watoto wanne wa kuwazaa mwenyewe na wote wamekua, kwa hiyo mkamwana wangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza nilikwenda kukaa naye kama mtaalamu aliyeitwa kazini. Wiki nne za mwanzo hazikuwa na neno. Wiki ya tano mtoto akabadilika. Akipewa titi analirukia kwa pupa, anameza mara kadhaa, halafu anajitoa kwa nguvu, anapinda mgongo kama upinde, anatupa kichwa nyuma na kupiga ukelele wa mtu aliyefinywa. Akirudishwa anashika, anaachia, analia. Anakunja vingumi na kumpiga mama yake kifuani. Jioni ndiyo ilikuwa balaa zaidi: kuanzia saa kumi na moja mpaka saa tatu usiku, humo ndani hatusikilizani.

Hukumu niliitoa siku ya pili tu. "Mwanangu, maziwa yako hayamtoshi huyu." Siku ya tatu nikaongeza kwamba ni mepesi, na hilo nililisema mbele ya wageni, Mungu anisamehe. Siku ya nne chupa ikaingia nyumbani. Mtoto akanywa, akalala, nami nikamtupia mama yake lile jicho la "si nilikwambia?" Kumbe mtoto wa umri ule akiwekewa mdomoni kitu kinachotiririka atanyonya na kumeza tu, hata kama njaa yenyewe si kubwa. Kwamba kanywa chupa hakuthibitishi kwamba titi lilimnyima. Usiku ule titi lililorukwa likajaa likawa gumu, na alfajiri aliporudishwa kwake vurugu ikazidi ya jana. Mimi nikasema, mnaona? Ameshayakataa.

Tulikwenda kliniki nikiwa nimeshajipangia maneno ya kumweleza muuguzi. Hakuniuliza. Alimwambia mkamwana anyonyeshe pale pale, akavuta kiti, akakaa akatazama. Mimi nilisimama nyuma yake, mikono kiunoni. "Bibi, kaa kidogo," akaniambia bila kugeuka, "tumsikilize mtoto."

Tukamsikiliza. Mwanzo alinyonya haraka haraka, vinyonyo vyepesi visivyo na sauti. Baada ya kama dakika moja koo likaanza: glu, glu, glu, glu, bila nafasi ya kuvuta pumzi, kama mtu anayenywa kwenye mpira wa maji uliofunguliwa wote. Maziwa yakachuruzika pembe za mdomo. Akapaliwa, akakohoa, akajitoa, na hapo titi likarusha mchirizi mwembamba uliompiga shavuni na kulowesha gauni la mama yake. Kilio kikafuata, kile kile cha kila siku.

"Haya ndiyo yasiyotosha?" muuguzi akauliza. Nadhani hakukusudia kejeli, lakini mimi niliisikia.

Kisha akauliza mtoto analowesha nepi ngapi kwa siku. Mkamwana akanigeukia mimi, maana kufua nepi ilikuwa kazi yangu. Nane. Siku nyingine tisa. Mhariri, nilijibu huku nasikia uso unawaka moto. Kuanzia kama siku ya tano ya maisha yake, mtoto anayelowesha nepi sita au zaidi kwa saa 24 na uzito wake unapanda, huyo anapata maziwa. Mizani ikasema uzito umepanda vizuri. Ushahidi wote nilikuwa nauanika kamba ya nguo kwa mikono yangu kila asubuhi, kisha naingia ndani kumwambia mwenye maziwa kwamba hana maziwa.

Kilichomsumbua mjukuu wangu ni kasi. Maziwa yalikuwa yakishuka kwa nguvu kuliko koo lake dogo linavyoweza kuyapokea, na ndiyo maana kurukwa kwa zamu moja kulizidisha mambo: titi lililojaa hurusha kwa nguvu zaidi. Dawa yenyewe haikuwa dawa. Mkamwana alifundishwa kujilaza nyuma akiegemea mito, mtoto juu yake, tumbo kwa tumbo, ili maziwa yapande badala ya kumwagika kooni. Yakianza kuruka, anamtoa mtoto kidogo, anakinga kitambaa mpaka mchirizi upoe, anamrudisha. Anamnyonyesha mapema, kabla njaa haijawa hasira, mtoto akianza kutafutatafuta kwa mdomo na kula ngumi zake. Katikati anamcheulisha, kwa kuwa anayemeza kwa pupa humeza na hewa. Akaonywa pia asikamue titi mpaka likauke kila mara kwa nia ya kupunguza kasi, kwani titi hutengeneza kwa kadiri linavyotolewa, na angejizidishia. Siku mbili za kwanza sikuona tofauti, nikaanza kunung'unika moyoni. Siku ya nne au ya tano mtoto alinyonya mchana mzima bila ugomvi.

Jioni ziliendelea kuwa ngumu kwa muda. Nako muuguzi alikuwa ametutayarisha: kilio cha watoto wachanga huongezeka kuanzia wiki ya pili au ya tatu hivi, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, kisha hupungua kuelekea mwezi wa tatu na wa nne. Wengi jioni hutaka titi kila baada ya muda mfupi, na kasi ya maziwa saa hizo mara nyingi ni ndogo kuliko asubuhi. Kumbe mtoto yule yule anaweza kulia asubuhi kwa sababu yanakuja mbio na jioni kwa sababu yanakuja polepole!

Jambo nililolibeba kutoka kliniki ile kuliko yote ni swali moja: analia lini? Analia kabla maziwa hayajashuka, amechoka kusubiri? Basi mama akande titi, akamue kidogo kwa mkono, ndipo ampe. Analia dakika ya kwanza au ya pili huku anapaliwa? Ni kama wetu. Analia mwishoni, baada ya kunyonya vizuri? Labda anataka kucheua, labda upande wa pili, labda ameshiba na tunamlazimisha. Analia upande mmoja tu? Huenda kuna mahali panapomuuma akilazwa hivyo, sikio au paja lililochomwa sindano ya chanjo. Analia muda wote tangu anapoligusa titi? Mtazameni pua kama imeziba, mdomo kama una utando mweupe usiofutika, ulimi kama umeshikiliwa chini. Na kabla ya yote hayo, mdomo umefunguka wazi na kushika sehemu kubwa ya titi, au unatafuna chuchu tupu? Mimi mama wa watoto wanne sikuwahi kujiuliza hata moja kati ya hayo. Nilikuwa na jibu moja kwa kila kilio.

Nikiri na jingine, ingawa hakuna aliyenishtaki. Homoni inayosukuma maziwa yatoke, oksitosini, huchelewa mama anapokuwa na wasiwasi, aibu au maumivu. Sasa fikirieni msichana aliyejifungua juzi, mtoto analia, na mama mkwe amesimama mlangoni kama mwangalizi wa mtihani. Nilipojifunza hilo nilianza kukaa chumba cha pili wakati wa kunyonyesha. Chai yangu ilipata nafasi ya kunywewa ikiwa moto.

Sisemi kila kilio ni cha kupuuzwa. Wapo akina mama ambao maziwa yao kweli ni machache na wanahitaji kusaidiwa bila kulaumiwa, na hilo nalo hujulikana kwa nepi na mizani, si kwa kukisia. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa ya nyuzi 38 au zaidi, anayelegea, anayekataa titi kabisa au ambaye nepi zake zimeanza kubaki kavu, huyo ni wa kupelekwa hospitali saa hiyo hiyo. Asingoje ushauri wa bibi wala wa gazeti.

Sasa nije kwako, Mhariri. Kila ifikapo tarehe 1 hadi 7 Agosti, Wiki ya Unyonyeshaji Duniani, magazeti yanatuandikia faida za maziwa ya mama. Tumeambiwa mtoto aanze ndani ya saa ya kwanza, anyonye maziwa ya mama pekee miezi sita, aendelee pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili na zaidi, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Mkamwana wangu alikuwa anayajua yote haya kwa moyo. Hayakumsaidia saa mbili usiku mtoto alipopinda mgongo na mimi nikiwa pembeni nasema ni mepesi. Tangu mwaka 1981 ipo kanuni ya kimataifa inayotaka vibadala vya maziwa ya mama visitangazwe kwa umma. Ni jambo jema. Lakini humo ndani tangazo lilikuwa mimi, tena bila malipo.

Ombi langu ni kwamba ukurasa wa afya mmwachie muuguzi mmoja wa aina ile, mara moja kwa mwezi, aandike namna na si faida: mtoto ashikeje, alaleje, tumsikilizeje anapomeza. Na muwaandikie mabibi pia, maana makala za unyonyeshaji ninazoziona huanza na "mama mpendwa", nasi tunazipita tukijua hazituhusu.

Mjukuu wangu sasa ana miezi minne na amepata sababu mpya ya kuachia titi. Akisikia mlango, kijiko au sauti yangu, anageuza kichwa kutazama, na chuchu anaivuta nayo. Mama yake anapiga kelele kidogo. Mimi nikiwa na la kusema, nasubiri mpaka amalize.

Bibi wa wajukuu watatu