Hukusikia Vibaya, Dada

Dodoma,
Jumapili jioni.

Dada yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe, na mbukwa sana. Barua yako nimeipata kwa dereva wa basi, nikaisoma pale pale stendi nikiwa nimesimama, na nilipofika nyumbani nikaisoma tena. Shemeji yako anakusalimu. Watoto hawajambo, isipokuwa huyu wa mwisho mwenye kikohozi cha vumbi. Nacho unakijua, mvua zikianza kinaondoka chenyewe.

Nianze na lile swali lako la ukurasa wa mwisho, maana naona yote mengine uliyoandika yalikuwa yanalizunguka. Umeuliza: kama kweli ni Mungu aliyeniita, mbona tangu niitike mambo yamezidi kuharibika? Uliacha ualimu na mshahara wake wa kila mwezi. Ukaenda chuo cha Biblia, ukamaliza, ukapangiwa mtaa ambao wainjilisti wenzako walikuwa wanaukwepa. Sasa upepo umeezua mabati ya kanisa, uwele umekauka ukiwa magotini, kijana wako anaugua, na mawifi zako wanasema mbele yako kwamba ulichoka kufundisha ukasingizia wito. Ukamalizia kwa kuandika, "Labda nilisikia vibaya."

Hukusikia vibaya, dada. Wala sisemi hivi kukubembeleza. Mimi nilikuwepo. Wito ulipokujia uliukataa, na uliukataa kwa muda mrefu. Ulisema watoto ni wadogo, ukasema sauti yako haifai madhabahuni, ukasema asubiriwe mtu mwingine. Kila ulipokataa neno lile lile lilirudi, safari hii kwa mchungaji, safari ile kwa mama yako mzazi, mara nyingine kwa bibi mmoja ambaye hakujua lolote la mambo yako. Wazee wa kanisa walikaa wakakuhoji, na wawili kati yao hawakuwa na upendeleo wowote kwako. Ulikuwa huna cha kupata, ila cha kupoteza ulikuwa nacho kingi. Mtu anayejitafutia cheo hakimbii namna ulivyokimbia wewe. Wito wako haukupimwa na masikio yako peke yako, kwa hiyo usijipe kazi ya kuufuta peke yako usiku, huku umechoka na taa imeisha mafuta.

Nadhani kinachotuumiza ni jinsi tulivyofundishwa habari za kuitwa. Chukua habari ya Samweli. Tangu tukiwa watoto wa Shule ya Jumapili tumeiimba na kuiigiza, mtoto analala, anaitwa, anakimbilia kwa Eli, hadi anaposema, "Nena, kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Hapo mwalimu anafunga kitabu, watoto wanapiga makofi. Lakini endelea kusoma sura ile ile ya tatu uone alichoambiwa. Hakupewa hata neno moja tamu. Aliambiwa kwamba nyumba ya Eli itahukumiwa, na Eli ndiye mzee aliyemlea, ndiye aliyemfundisha namna ya kuitika. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza, na Biblia inasema wazi kwamba aliogopa kumweleza Eli maono hayo. Mstari wa 15 mimi naupenda sana: alilala hata asubuhi, kisha akaifungua milango ya nyumba ya Bwana. Mtoto ana habari nzito namna hiyo kifuani, na bado anaamka kufungua milango kama alivyozoea. Wewe pia hujaacha kufungua, dada. Umeniandikia kwamba ibada inaendelea chini ya mbuyu na bibi wanne wanakuja na vigoda vyao. Umeyaandika hayo kama kitu cha kuonea aibu. Mimi nimeyasoma nikamshukuru Mungu.

Sasa nataka nikukumbushe habari za Apolo Kivebulaya, maana najua chuoni mlipita kwake haraka mkikimbilia mtihani. Alikuwa mwinjilisti Mganda wa Kanisa Anglikana, alizaliwa miaka ya 1860 na kubatizwa 1895. Mwaka huo huo akapelekwa Toro, magharibi mwa Uganda, na 1896 akavuka mto Semliki akaingia Mboga, sehemu ambayo leo ni Ituri, Kongo. Walimu waliomtangulia huko hawakudumu. Mtawala wa pale, Tabaro, hakumtaka, na Apolo alipigwa. Kisha likatokea jambo ambalo hata adui yake asingeweza kulipanga. Dada yake Tabaro aliangukia mkuki wa Apolo uliokuwa majanini, akafa. Apolo akashtakiwa kwa mauaji, akarudishwa Toro akiwa amefungwa, akatiwa gerezani.

Tua hapo kwanza, dada, usikimbilie mwisho kwa sababu unaujua. Mtu huyu ameitika. Ameacha kwao, amekwenda mahali ambapo chakula chenyewe ni cha kuhangaikia, wasomaji wachache, yaani watu wanaojifunza dini, wameanza kumfuata, na sasa anaitwa muuaji wa mwanamke. Hao mawifi zako wangesema nini juu ya wito wake? Hata watu wa kanisa wangetingisha vichwa. Ni humo gerezani alimomwona Kristo, aking'aa kama jua, akimwambia ajipe moyo kwa kuwa yupo pamoja naye. Hakuambiwa kwamba Tabaro atageuka wala kwamba amekosea njia na sasa arudi Buganda akapumzike. Alichopewa ni Bwana mwenyewe. Alipoachiwa, alirudi Mboga, kule kule. Na Tabaro, yule yule, akaja kubatizwa.

Miaka mingi baadaye, mzee tayari, Apolo alianza kazi kati ya Wambuti wa msituni, na Injili ya Marko ikatafsiriwa kwa lugha ya huko. Alifariki 30 Mei 1933. Desturi ya kuzika ilikuwa kichwa kielekee mashariki, naye akaagiza chake kielekee magharibi, upande wa ule msitu ambako kazi ilikuwa haijaisha. Kanisa Anglikana la Kongo linahesabu mwanzo wake hapo Mboga. Nikifikiri kwamba jambo lote hilo lilipitia katika chumba cha gereza na shtaka la kuua, sioni tena jinsi ya kusema kwamba bati likiezuliwa basi Mungu hayupo.

Lakini Apolo yuko mbali, na najua utasema yeye alimwona Kristo kwa macho. Kwa hiyo nikuambie la kwangu, maana nusu yake hukuiona, ulikuwa chuoni.

Shemeji yako alipopata kiharusi nilikuwa nimeupokea uongozi wa Umoja wa Akina Mama muda si mrefu. Upande wake wa kulia wote ulilala. Mtu aliyekuwa akisoma somo kanisani sauti inasikika hadi barabarani, alibaki na neno moja tu, "hapana," na alilitumia kwa kila kitu, hata pale alipotaka kusema ndiyo. Ukimuuliza kama ana njaa, hapana, huku anavuta sahani. Kila asubuhi nilimkanda ule mkono kwa maji ya moto. Vidole vilikuwa vimejikunja hadi kucha zinamchoma kiganja, nikawa navifungua kimoja kimoja, taratibu, na kabla sijafika kidole gumba kile cha kwanza kilikuwa kimeshajikunja tena. Siku zile sikuwa na sala ya maana. Mimi kiongozi, niliyekuwa naombea akina mama wote, nilikauka kabisa. Nilichoweza ni kusema Baba Yetu, kipande kimoja kwa kila kidole. Jina lako litukuzwe, kidole. Ufalme wako uje, kidole. Nikichanganyikiwa naanza upya. Siku moja nilipofika "utupe leo riziki yetu" niligundua kwamba ninaomba kweli, na kwamba kuna anayenisikiliza. Sikuona mwanga wala kusikia sauti. Nilijua tu.

Imani yangu ya kabla ya hapo haikuwa ya uongo, ila ilikuwa haijabebeshwa kitu. Nilimtegemea Mungu na mshahara wa mume wangu kwa pamoja, na sikuwa nimepata nafasi ya kujua ni yupi hasa aliyenibeba. Mshahara ulipokatika nikajua. Yakobo anaposema kwamba kujaribiwa kwa imani huleta saburi, zamani niliisoma kama maneno ya kufariji wafiwa. Siku hizi naisoma kama taarifa ya mtu aliyepita huko akatoka.

Nisikilize vizuri hapa, usije ukanielewa vingine. Sisemi kwamba Mungu alimpiga shemeji yako kiharusi ili mimi nijifunze kuomba. Kilichompiga ni presha, na vidonge alivyoviacha baada ya kujiona amepona. Wala sikubaliani na hawa wahubiri wa siku hizi wanaosema ukipata shida chunguza dhambi iliyofichika, au panda mbegu ya pesa upate upenyo. Wanawaumiza watu wa Mungu waliokwisha kuumia. Ninachosema ni kwamba Mungu hakuondoka nyumbani mwangu mambo yalipoharibika, na kwamba katika ule uharibifu alinikuza mahali ambapo raha haikuwahi kufika. Shemeji yako leo anatembea na fimbo, maneno yamerudi kama nusu. Jumapili iliyopita alisoma Zaburi ya 121 mwenyewe, polepole, na kanisa zima lilimsubiri.

Umeandika pia kwamba unaogopa kumwambia Mungu ulivyokasirika, kwa sababu wewe ni mwinjilisti. Dada, umesoma Yeremia kuliko mimi. Si ndiye aliyesema, "Ee Bwana, umenihadaa, nami nimehadaika"? Nabii kabisa, na maneno hayo hayakufutwa, tumeachiwa tuyasome kanisani. Mwambie. Nenda nyuma ya ile nyumba, upande wa zizi, umwambie yote kwa Kigogo au kwa lugha yoyote inayokutoka haraka. Anayemlalamikia Mungu bado anaongea naye. Mimi ningekuhofia kama ungenyamaza.

Na kuna jambo ambalo halihitaji maombi zaidi. Eliya alipojilaza chini ya mretemu akiomba kufa, malaika hakumletea mahubiri. Alimgusa akamwambia, "Inuka, ule," na kulikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili, ndipo safari ikaendelea. Wewe umeniambia unafunga siku tatu kila wiki, na wakati huo huo unalima, unatembelea wagonjwa kwa mguu, na usiku unakesha na mtoto. Nakuomba kama dada yako, simamisha kufunga mpaka kijana apone. Kula ugali wako na mlenda, ulale. Wito haukukutaka ufe kwa uchovu.

Kijana asiendelee kutibiwa kwa kubahatisha na vidonge vya dukani. Homa inayorudi kila jioni na kupungua mwili vinataka vipimo, pamoja na kupima makohozi. Mlete Jumatatu ya wiki ijayo, afikie kwangu, tutakwenda naye hospitali ya mkoa mapema kabla foleni haijawa ndefu. Njoo na kadi ya kliniki na ile bahasha ya dawa alizokwisha kumeza. Nauli nimempa dereva huyu huyu anayekuletea barua, muulize.

Habari za mawifi nitakuja tuzungumze ana kwa ana, kuna mengine hayaandikwi. Ila usiwajibu. Nawajua, wanachokuogopea ni njaa, ingawa wanakisema kwa maneno mabaya. Ukiwapelekea debe la mtama mavuno yakija watakukalisha kwenye mkeka.

Kuhusu kanisa: nililisema kwenye kikao cha akina mama Alhamisi, nikidhani watasema wasubiri dayosisi. Hawakusubiri. Wamechanga, na mabati yaliyopatikana yanatosha upande wote unaopigwa na upepo. Tunakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, fundi tunaye, misumari tunayo. Waambie wazee wa kanisa watafute mirunda minyoofu na waihifadhi mahali mchwa hawafiki. Chakula msihangaike, tutakuja na mchele na maharage, nyie tuwekeeni maji tu na kuni.

Wasalimie bibi wote wanne. Yule mwenye kigoda cha miguu mitatu mwambie dawa yake ya macho nimeshaipata, nitaibeba mwenyewe.

Ni mimi dada yako,
Wa sauti ya pili, kwaya ile ile.