Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina. Mimi nitaeleza kazi yenyewe ya mwaka, ambayo mliipigia kura wenyewe: kusoma maisha ya Oscar De Priest, mbunge mweusi wa kwanza kutoka jimbo la kaskazini mwa Marekani, na mweusi pekee katika Bunge la nchi hiyo kuanzia 1929 hadi 1935.

Alizaliwa Florence, Alabama, mwaka 1871, na wazazi waliowahi kuwa watumwa, akakulia Kansas, na 1889 akahamia Chicago, alikofanya kazi ya ufundi rangi na lipu. Toka hapo aliingia kwenye ukandarasi na biashara ya nyumba, na 1915 akawa diwani wa kwanza mweusi wa jiji hilo. Malaika hakuwa: 1917 alishtakiwa kwa rushwa, akatetewa na wakili maarufu Clarence Darrow, akaachiwa.

Kilichotuchelewesha zaidi ni kiapo chake cha Aprili 15, 1929. Desturi ilikuwa wabunge waape jimbo baada ya jimbo, hivyo waliotangulia kuapa wangeweza kumwekea pingamizi aliyekuwa bado anasubiri zamu. Spika Nicholas Longworth akawaapisha wote kwa pamoja, na pingamizi likakosa mlango.

Mlango mwingine haukufunguka. Januari 1934 katibu wake, Morris Lewis, aliyekuwa amefuatana na mwanawe, alinyimwa huduma katika mgahawa wa Baraza la Wawakilishi. De Priest alizunguka akikusanya saini mpaka zikatimia 145 zilizohitajika kuitoa kamatini hoja yake ya kutaka ubaguzi huo uchunguzwe. Ikaundwa kamati ya watu watano, ambamo Wademokrati watatu waliwashinda Warepublican wawili, na mgahawa ukabaki vilevile. Kwa maoni yangu, saini hizo zina uzito kuliko hotuba zake zote.

Baadhi yenu mlimlaumu, na lawama hiyo naikubali, kwa kupinga misaada ya serikali wakati wapiga kura wake wenyewe walikuwa hawana kazi. Nao walimjibu Novemba 1934 kwa kumchagua Arthur Mitchell, mweusi wa kwanza kuingia Bungeni kwa tiketi ya Democratic. Kamati inapendekeza kwamba mwaka ujao tumsome huyo Mitchell, na pendekezo hilo liko mbele yenu leo.